Aliyekuja Kumuulizia Aminieli

Mwaka 1955 kijiwe chetu kilikuwa hatua thelathini kutoka stesheni ya Same, ukutani mwa duka la Mhindi lililofungwa tangu mwenyewe ahamie Moshi. Benchi zilikuwa mataruma mawili ya reli yaliyong'olewa njiani kwa uchakavu. Chande, muuza kahawa, aliweka dele lake la shaba juu ya mkaa upande usio na upepo, na upande huo hapa Same hubadilika kila saa, kwa hiyo Chande naye alikuwa mtu wa kuhamahama. Wateja wa kudumu walikuwa watatu. Hamisi tulimwita Rejista, kwa kuwa alipata kuwa mjumbe bomani na alijiona anajua jina la kila mtu kuanzia Mwanga mpaka Maore. Daudi tulimwita Mombasa. Alikaa Mombasa majuma matatu mwaka wa arobaini na nane na hajarudi mpaka leo, ingawa mwili wake tulikuwa nao hapa. Asheri alikuwa Mwalimu Nusu, maana alisomea ualimu mwaka mmoja kati ya miwili. Mimi ni fundi viatu. Nilikaa pembeni na nyundo yangu, na kwa kuwa kazi hii inainamisha kichwa, watu husahau kwamba fundi anasikia.

Jumanne ile mazungumzo yalikuwa juu ya Aminieli wa Gideoni.

Mombasa: Leo juma zima tangu ateremke kwenye treni. Hajashuka mlimani, hajanywa kahawa, hajaketi na mtu.

Chande: Alisalimia lakini. Mimi alinipa shikamoo.

Mombasa: Huku anatembea. Mtu anayekusalimu huku anatembea hakusalimu, anakupita.

Rejista: Na jicho je?

Mwalimu Nusu: La kushoto. Limevimba kama andazi.

Rejista: Nani kampiga?

Mwalimu Nusu: Hapo ndipo penye mambo.

Ilikuwa ajabu kwa mtoto wa nyumba ile kurudi kwa kunyatia. Ukoo wa Gideoni ulijulikana milima yote ya Upare kwa miguu yake. Gideoni mwenyewe alikuwa tarishi wa posta: anachukua mfuko wa barua hapa Same, anapita Kisiwani, anaupandisha mpaka Mbaga, kisha anashuka na mfuko wa kule. Kila sikukuu ya Mfalme, bomani walipoweka mashindano ya kukimbia kilima, Gideoni alikuwa wa kwanza. Alishinda miaka tisa mfululizo, mpaka Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, akampa blanketi na kumwomba awe anashika bendera ya kuanzishia, ili na wengine wapate. Mtoto wake wa kwanza, Yusto, alikuwa golikipa wa timu ya shamba la mkonge kule tambarare. Priska, kitinda mimba, akiwa shule aliwaacha wavulana nyuma mpaka wazazi wao wakalalamika kwa mchungaji. Na watu wa Mbaga ukiwakalisha vizuri watakwambia kwamba miguu hiyo yote haikutoka kwa Gideoni, ilitoka kwa mkewe Eliwaza, aliyekuwa akipanda kutoka soko la Kisiwani na debe la mahindi kichwani bila kupumzika popote.

Aminieli ndiye wa katikati. Alikwenda Tanga akiwa na miaka kumi na saba, akapata kazi ya kukata nyasi kwenye uwanja wa klabu moja ya Magoa, Wahindi waliotoka Goa. Huko akakutana na mpira wa magongo, ule wanaouita hoki: kijipira kigumu kama jiwe, na kila mchezaji ana gongo lililopinda chini. Mpira ulipotoka nje, kazi yake ilikuwa kuurudisha. Badala ya kuutupa kwa mkono aliupiga kwa gongo bovu alilolifunga waya, na kila mara ulikwenda moja kwa moja mguuni mwa yule aliyeuhitaji. Siku moja wakapungukiwa mtu. Wakamwazima viatu, akaingia, na tangu siku hiyo nyasi zikakatwa na mwingine. Baada ya miaka mitano aliitwa kuichezea Tanganyika, mara moja dhidi ya Kenya na mara moja Unguja. Gideoni ndiye aliyetuhadithia, amesimama hapa hapa na mfuko wake begani, na siku hiyo tulimwamini.

Kisha likaja gazeti.

Mwalimu Nusu alikuwa nalo tena Jumanne ile, limekunjwa mara nne, limekwisha kuchanika kwenye mikunjo. Ilikuwa picha ya mwaka uliopita, timu ya Tanganyika imesimama kwenye uwanja wa Unguja. Wachezaji kumi na mmoja, na pale mwisho wa mstari wa mbele amepiga goti Aminieli, mkono juu ya gongo, hana wasiwasi.

Mwalimu Nusu: Haya, sura ni yake. Lakini hebu someni chini. Wa mwisho kulia: C. Rebelo. Aminieli yuko wapi? Hayupo.

Chande: Pengine wamekosea.

Mwalimu Nusu: Wakosee jina moja tu, na liwe lake?

Rejista: Mtu hajiiti jina la Mgoa bila sababu. Nimekaa bomani mimi. Mwenye majina mawili ana mambo mawili.

Mombasa: Mombasa nilimwona mtu wa namna hiyo. Mchana Abdallah, jioni Petro. Kachero.

Rejista: Wee.

Mombasa: Hebu niambieni. Mtoto wa Mpare anakata nyasi, ghafla anakula na Magoa, analala kwenye meli na Makalasinga, anapelekwa Unguja. Wanampendea nini? Serikali imempandikiza. Akae katikati yao, asikie wanasema nini juu ya siasa.

Mwalimu Nusu: Kama ni kachero, nani kampiga jicho?

Mombasa: Wamemgundua.

Chande aliosha vikombe viwili, akavijaza.

Rejista: Mimi naona kinyume. Yeye ndiye anayetafutwa. Mliuona ule mzigo wake?

Mwalimu Nusu: Gunia refu, limefungwa kamba.

Rejista: Nilimuuliza pale pale stesheni, umebeba nini? Akasema, gongo. Akacheka akaenda zake. Nani anatembea na gongo mbele ya polisi halafu anacheka?

Chande: Alimaanisha fimbo ya mchezo, Rejista. Hakumaanisha pombe.

Rejista: Na mimi nasema ndani mlikuwa na bomba la kuipikia. Urefu ule ule.

Mwalimu Nusu: Bomba halipindi mwishoni. Lile gunia lilikuwa limepinda mwishoni. Mimi naona bunduki.

Mombasa: Na mchezo wenyewe mmeufikiria? Watu kumi na mmoja wanapewa marungu, wanapangwa mistari, mmoja anapuliza filimbi wanakimbia wote. Mchezo gani huo? Hayo ni mafunzo ya polisi. Wanawafundisha kupiga miguu tu, chini, watu wakikusanyika.

Mwalimu Nusu: Ndiyo maana mpira mdogo.

Mombasa: Ndiyo maana mpira mdogo.

Rejista: Na baba mtu naye? Wiki mbili hajashuka. Mfuko wa barua za Mbaga umelala posta, hauna wa kuupandisha. Gideoni hajakosa hata siku moja tangu vita, anakosa leo, mwanawe anapokuja na gunia? Wamejifungia. Wanaficha kitu.

Hapa nilipaswa kusema, nami sikusema. Siku ile Aminieli aliposhuka kwenye treni alisimama mbele yangu kabla ya kufika kwa Chande. Aliniuliza, "Fundi, baba alipita hapa lini mara ya mwisho?" Nikamwambia ni siku nane au tisa. Akasema alipata salamu Tanga kwamba mzee kaanguka njiani. Jicho nililiona kwa karibu: jeraha la mviringo, dogo, kama alama ya mpira mgumu. Akaniaga, akaenda kudandia lori la Kisiwani. Nilijua, basi, kwa nini anatembea huku anasalimu. Lakini mazungumzo yalikuwa matamu, na kila mtu alikuwa ameongeza lake, na mtu anayeleta ukweli mdogo katikati ya uongo mkubwa huonekana kaja kuwaharibia wenzake. Nikagonga soli.

Treni ya Tanga ikaingia. Katika abiria waliotelemka alikuwamo Mgoa mmoja, mwembamba, miaka kama arobaini, amevaa koti la buluu lenye nembo kifuani, na tai, na kwapani kabana daftari jeusi. Aliongea na watu wa stesheni, wakamwonyesha sisi kwa kidole. Akaja.

"Hamjambo wazee. Naitwa Furtado, natoka Tanga. Stesheni wamenituma kwenu, wanasema watu wa kahawa wanajua kila mtu. Namtafuta Aminieli Gideoni. Anakaa wapi?"

Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga safi, kizuri kuliko chetu sisi tuliokua na Chasu, Kipare chetu, mdomoni. Hilo nalo halikumsaidia.

Rejista: Aminieli yupi?

"Anayecheza hoki."

Mombasa: Hoki ndiyo nini?

Furtado alitabasamu, akafikiri ni mzaha. Akaketi kwenye taruma bila kukaribishwa, Chande akampa kahawa.

"Nina haraka kidogo. Lazima nimpate kabla ya treni ya Alhamisi."

Chande: Amefanya kosa, bwana?

"Kosa kubwa," akasema Furtado huku anacheka. "Nimempigia simu za maandishi mbili, hajajibu hata moja."

Yeye alikuwa anacheka, lakini wenzangu watatu waliangaliana kama watu waliosikia hukumu ikisomwa.

Mwalimu Nusu: Samahani bwana. Wewe ni mtu wa serikali?

"Ndiyo, niko forodhani, lakini..."

Rejista: Amehama.

"Amehama?"

Rejista: Yuko Kwakoa. Huko karibu na ziwa. Unapanda lori hadi Mwanga, ukifika Mwanga uliza njia ya Kwakoa.

Mbaga iko mashariki, juu ya Kisiwani. Kwakoa iko kaskazini, chini, huko Ziwa Jipe. Hata kama angetaka kumpeleka mtu mbali zaidi na Aminieli, Rejista asingepata njia bora.

Furtado alifungua daftari akaandika. Kisha akatutazama mmoja mmoja, si kwa shaka, ila kama mtu anayetaka kuhakikisha asije akapoteza siku. Macho yake yakaishia kwangu.

"Fundi. Kwakoa?"

Nilikuwa na misumari mdomoni. Ningeweza kuitema. Nikaitikia kwa kichwa.

Akashukuru, akamaliza kahawa, akaenda kutafuta lori.

Chande: Rejista, umemfanyia nini mtu wa watu?

Rejista: Tangu mwaka wa mbiru, watu walipolala hapa bomani kupinga kodi, mgeni mwenye daftari akitaja jina la mtu Same hapewi jibu. Sikuanza mimi.

Chande: Si ulisema Aminieli ni mhalifu?

Rejista: Nilisema. Lakini akiwa mhalifu ni wetu. Tutamkamata wenyewe.

Mombasa: Mliona nembo ile kifuani? Mombasa makachero wakubwa ndio wanaovaa hivyo.

Siku ile walikunywa vikombe vingi kuliko kawaida, nao walikuwa na furaha. Waliona wamemwokoa mtoto wa mwenzao. Mimi pia, nisidanganye, nilijisikia kama niliyefanya jambo.

Alhamisi, saa nane mchana, lori la mbuzi kutoka Mwanga lilimshusha Furtado mbele ya stesheni. Koti la buluu alilikunja mkononi, shati limekuwa rangi ya barabara, na shingo imejaa alama za mbu wa Jipe. Hakuja kwetu kwanza. Alikaa kwenye ngazi ya stesheni, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga, akakivaa tena.

Treni ilipoingia saa tisa, tuliona makoti ya buluu kwenye madirisha ya behewa moja zima. Vijana wa Kigoa, Makalasinga wawili wenye vilemba, Mzungu mmoja mwenye nywele nyekundu. Magongo yamesimamishwa kwenye pembe za behewa, yale yale yenye kupinda mwishoni. Mmoja akatoa kichwa akaita kwa Kiswahili, "Furtado, Aminieli yuko wapi?" Furtado akatikisa kichwa. Yule Mzungu akasema neno, akarudi ndani akaketi.

Furtado akaja kwetu na bahasha.

"Kwakoa hawamjui," akasema. "Nilifika mpaka ziwani. Nadhani nilisikia vibaya, au kahama tena. Naomba mnisaidie. Mkimwona, mpeni hii. Mwambieni nafasi yake nimeishikilia mpaka leo, na mbele ya hapa siwezi tena. Michezo inaanza Nairobi Jumamosi."

Chande alifungua mdomo.

Chande: Bwana, yule kijana...

Rejista akakohoa. Chande akanitazama mimi. Kutoka Same kwenda Mbaga na kurudi ni siku nzima, na kengele ya treni ilikuwa imekwisha kupigwa. Nilijiambia kwamba kusema sasa hakutamleta Aminieli, kutatuaibisha tu. Nafikiri kila mmoja alijiambia hivyo hivyo. Furtado alimpa Chande bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Ahsanteni sana, wazee wangu, kwa taabu yenu," akakimbilia behewa lake.

Bahasha haikuwa imegundishwa. Mwalimu Nusu alisema ni vizuri kujua kilichomo, isije ikawa mtego. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyochapwa na barua moja ya mkono. Akaisoma kwa sauti, mwanzoni kwa mbwembwe, kisha polepole.

"Ndugu Aminieli. Orodha ilitoka siku mbili baada ya wewe kuondoka kwenda kumuuguza mzee. Umo. Mwaka jana Rebelo aliugua melini tunakwenda Unguja, wewe ukaingia mahali pake saa ya mwisho, na majina yalikuwa yamekwisha kuchapwa. Ulifunga magoli mawili na watu wakampigia makofi Rebelo. Mpaka gazeti likamwandika yeye. Nilikuahidi kwamba halitatokea tena, na safari hii nimesimama mwenyewe kwa mchapaji. Karatasi hii hapa, jionee. Nairobi watakuwapo wanaochagua timu ya Afrika Mashariki ya kwenda Uhindi. Nimewaeleza habari zako. Wanataka kukuona kwa macho. Mpe pole mzee Gideoni. Na jicho linaendeleaje? Ule mpira niliupiga mimi, bado najuta."

Karatasi iliyochapwa ilikuwa na majina ya wachezaji wa Tanganyika. La tisa lilikuwa AMINIELI GIDEONI, herufi kubwa, halikufupishwa.

Mwalimu Nusu alilikunjua lile gazeti la Unguja, akaliweka kando ya karatasi mpya, akatazama huku na huku, kisha akalikunja.

Mombasa: Barua inaweza kuwa ya kubuni.

Hata yeye mwenyewe hakulifuatilia neno hilo.

Chande: Nani atampelekea?

Rejista akasema goti linamsumbua. Mwalimu Nusu akasema kesho ana shughuli. Mimi nilikuwa na viatu vya mchungaji vya kumaliza, na kweli nilikuwa navyo, lakini mchungaji angeweza kungoja. Chande akaiweka bahasha kifuani mwa kanzu yake.

Waliokwenda Uhindi mwaka uliofuata walichaguliwa Nairobi Jumapili ile. Baadaye Aminieli aliichezea klabu yake ya Tanga miaka mitatu zaidi, na wanaojua mchezo ule walisema hapakuwa na mwenye mkono kama wake pwani yote. Tanganyika haikumwita tena. Kuna waliosema ni mtu asiyejibu anapoitwa.

Lakini Jumamosi ile, karibu saa sita mchana, Aminieli alitokea upande wa barabara ya Kisiwani, peke yake, kwa miguu, anakimbia. Hakuwa anakimbia kama mtu anayefukuzwa. Alikuwa na mwendo wa baba yake, mfupi, wa chini, ambao mtu anaweza kwenda nao siku nzima. Alipofika kwetu alisimama, mikono magotini, shati limelowa mpaka kiunoni. Jicho lilikuwa limepona, limebaki na mstari mdogo wa kahawia.

"Shikamooni."

Tukaitikia marahaba, sauti zetu zimepishana.

"Bwana Furtado amefika hapa?" akauliza. "Mfuko wa barua uliletwa Mbaga jana jioni, wamepata mtu wa kuupandisha. Ndani nimekuta simu zangu mbili. Moja inasema atanifuata Same Jumanne, na timu itapita na treni ya Alhamisi. Leo ni Jumamosi."

Chande: Keti kwanza, mwanangu. Mzee anaendeleaje?

"Nyonga imevunjika. Hawezi kusimama. Usiku na mchana niko naye, mama peke yake hamwezi kumgeuza. Leo Yusto kaja, ndipo nikapata kushuka. Furtado alifika?"

Chande akatoa bahasha, akampa. Aminieli alisoma akiwa amesimama. Barua aliimaliza haraka, lakini ile karatasi ya majina aliishika muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya mstari wa tisa, kwenda na kurudi, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani. Kisha akakunja vyote kwa uangalifu.

"Alikuja Jumanne," akasema. "Jumanne mpaka Alhamisi ni siku mbili. Mbaga alishindwa kufika?"

Chande akainamia mkaa wake.

"Mlimwambia niko wapi?"

Chande: Kwakoa.

"Kwakoa." Alilisema taratibu. "Mimi sina mtu Kwakoa. Nani alisema Kwakoa?"

Rejista aliinua kikombe kilichokwisha. Nikaona nikinyamaza na safari hii sitaweza tena kuketi mahali pale.

"Hamisi Rejista alisema," nikamwambia. "Furtado akaniuliza mimi kama ndivyo, nami nikaitikia. Nilijua uko kwa baba yako. Uliniambia mwenyewe."

Nilingoja anitukane. Umri wangu ni wa baba yake, lakini siku ile angekuwa na haki. Hakunitukana. Alinitazama kwa namna ya mtu anayetafuta kitu alichokuwa nacho sasa hivi tu.

"Kwa nini, Fundi?"

Rejista: Mwanangu, sisi tulikuwa tunakulinda.

"Mnanilinda na nini?"

Rejista: Yule mtu alikuwa na daftari. Alikuwa na nembo. Tuliona kama... tulikuwa na wasiwasi.

"Nimefanya kazi Tanga miaka minane," akasema Aminieli. "Sijalala rumande hata siku moja. Sijagombana na mtu. Kila likizo napita hapa nikienda kwetu, mnanijua tangu sijaota ndevu. Amekuja mtu ananiuliza kwa jina langu, nanyi mkamficha." Akaketi sasa, kwenye ukingo wa taruma, bahasha juu ya magoti. Hakupandisha sauti. "Mlidhani nimefanya nini?"

Siku nne kabla, pale pale, tulikuwa na kachero, na bunduki, na bomba la kupikia pombe, na jeshi la polisi wanaopiga watu miguu. Nilimtazama Mombasa. Alikuwa anachokoa udongo kwa ncha ya kiatu. Mwalimu Nusu alikuwa kalikalia gazeti. Rejista alitazama reli, kule inakopinda kuelekea Mwanga, ingawa hapakuwa na kitu kinachokuja. Chande peke yake ndiye aliyemtazama Aminieli usoni, na yeye ndiye hakuwa amedhani lolote.

Aminieli alingoja. Nafikiri alitaka jibu kweli, lolote, hata la kipuuzi, ili apate la kumwambia baba yake. Alipoona halitoki, akasimama, akatuaga kwa heshima, akaelekea stesheni kuuliza kama kuna treni ya Nairobi kabla ya Jumanne.

Haikuwapo. Wote watano tulijua, na tulimwacha aende kuuliza.